Mguu Uliopona Machoni

Mama Mafuta anakunja mikono ya gauni, anapiga goti uani na kumimina mafuta ya majani kiganjani. Mbele yake amelazwa mbuzi mwenye mguu mbovu. Mwenye mbuzi amesimama pembeni kama alivyoagizwa, maana hapa hakuna kuchua mnyama bila mwenyewe kutazama.

Anachua paja polepole, kisha anamwinua mbuzi atembee hadi ukutani.

"Unamwonaje, kaka?"

"Naam, mama. Ana nafuu."

Mwandishi wa makala haya haoni nafuu yoyote. Mbuzi anachechemea vilevile. Lakini mwenyewe anaondoka naye akishukuru, na wengine wanasubiri zamu yao mlangoni.

Kazi hii aliirithi kwa marehemu mama yake, na ndiyo iliyosomesha wanawe. Watu wakimbeza, ana jibu: "Binadamu ukimwambia amepona, atajisikia amepona. Mbuzi utamwambia nini?"

Jibu hilo lilimlinda miaka mingi, hadi daktari wa mifugo wa mtaani alipokuja na mizani mbili za kupimia watu. Alizilaza chini, akamsimamisha mbwa wa mteja, kila mguu wa nyuma na mizani yake, kabla ya kuchuliwa na hata baada ya matibabu kwisha. Mara zote mbili mguu mbovu haukubeba karibu chochote.

"Mwenye mbwa alikuwa ameshaniletea zawadi," anasimulia Mama Mafuta, sauti ikishuka. "Na mimi, haki ya Mungu, nilimwona yule mbwa akitembea sawasawa. Kwa macho yangu haya. Daktari akaniambia, mama, dawa yako inawaingia watu, mnyama anabaki na maumivu yake."

Tangu hapo roho haijatulia, kwa sababu naye ana mbwa wake. Mzee, kama anavyomwita, aligongwa na pikipiki. Daktari alishauri apasuliwe mapema, la sivyo mguu utakatwa. Yeye akachagua mafuta.

"Na amepona," anasema. "Mtazame."

Mzee anavuka ua uliofagiliwa, mguu wa nyuma ukiburutika. Wifi yake Mama Mafuta, aliyekuwa akifua karibu na bomba, anaacha kufua.

"Huyu wifi yangu haamini hata mvua mpaka alowe," Mama Mafuta anatania. Wifi anaonyesha chini kwa kidole. Kwenye vumbi, kando ya nyayo za mbwa, kuna mstari mrefu usiokatika. Mama Mafuta anauinamia, anaukodolea macho.

"Nyayo nne," anasema. "Safi kabisa."

"Hebu fumba macho, wifi," anaambiwa kwa upole.

Anafumba. Wifi anamwita mbwa arudi. Kinachosikika ni kitu kinachokwaruza ardhi, kwaru, kwaru, kikimkaribia. Uso unamshuka. Anafumbua macho, na tabasamu linamrudia bila yeye kutaka. Anafumba tena upesi.

"Naogopa," anasema. "Nikimwangalia, mzima. Nikifumba, anaburuta."

Kesho asubuhi Mzee atapelekwa kupasuliwa, kama mguu bado unaokoleka. Atakayempeleka ni wifi.

"Mimi nifungieni chumbani," anasema Mama Mafuta, akimpapasa mbwa kichwa, macho kayafumba. "Nikimwona anavyotembea, nitamrudisha."