Pigo la Nne

Haya nitakayoyasema sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi ya Jumapili, nikiwa nimekunywa chai ya rangi tu. Ukitaka kunibishia nakuruhusu, kwa kuwa hata mimi nilijibishia kwa muda mrefu. Nilisoma chuo cha Biblia. Nilifundishwa kwamba waliolala wamelala, wafu hawarudi, nikaliandika hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri.

Nilipopangiwa kazi ya uinjilisti huku Masieda, nilikuwa kijana mwenye bidii na daftari. Kanisa letu ni dogo, la matofali na bati, na kengele yake ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi. Aliyeipiga tangu kanisa lianze ni Mzee Lohay. Alikuwa na kipande cha nondo alichokifunga kitambaa upande mmoja ili kisimuumize kiganja. Alipiga mara tatu, akanyamaza kidogo, kisha akapiga mara moja tena.

"Babu, hilo la nne ni la nini?" nilimuuliza siku moja.

"Hilo ni la walioshindwa kufika," alinijibu. "Mgonjwa, mlevi, aliyegombana na mkewe. Nao wajue tumewakumbuka."

Niliona ni jambo zuri, ila halikuwa na msingi katika utaratibu wa ibada. Hivyo ndivyo nilivyofikiri wakati ule.

Mwaka huo mvua iligoma. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Wazee wa kijiji walikwenda kwenye chemchemi wakachinja kondoo mweusi kwa desturi ya zamani, na Mzee Lohay akawa mmoja wao. Nani aliniambia? Ni yeye mwenyewe. Alikuja kwangu jioni ileile, kofia mkononi.

"Mwinjilisti, nilishika miguu ya kondoo," alisema. "Lakini nilipokuwa nimeishika, kimoyomoyo nilikuwa nasali Baba Yetu. Sasa sijui Mungu alisikia ipi." Akacheka, halafu akaacha kucheka alipoona uso wangu.

Nilimfungia meza ya Bwana, yaani asile Chakula cha Bwana ambacho ni mchungaji tu hutuletea kutoka usharikani. Nilimwambia atahudhuria mafundisho miezi mitatu, kisha asimame mbele ya washarika atubu, ndipo arudishwe kundini. Nikamnyang'anya na nondo, maana niliona si sawa mtu aliye chini ya adhabu awaite wengine ibadani. Alikifungua kile kitambaa, akakitia mfukoni, akanikabidhi chuma kitupu. Kengele nikawa naipiga mwenyewe, mara tatu.

Alihudhuria mafundisho. Alikaa benchi la nyuma kabisa pamoja na watoto wa kipaimara, magoti yake yakigusa kidevu, wala hakukosa hata siku moja. Zilipobaki Jumapili tatu, kifua kilimbana akalala kitandani. Mkewe, Bibi Marta, akaja kwangu jioni akitweta, maana nyumba yangu iko juu ya kilima.

"Mwanangu, mwenzangu anaomba umpigie mchungaji aje na Chakula cha Bwana. Anasema hataki kuondoka na njaa."

Nilifungua daftari. Naomba uniamini, nilifungua daftari, nikahesabu Jumapili kwa kidole mbele ya yule mama.

"Bado tatu, bibi. Siwezi kuruka utaratibu."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, ina chaji, na mtandao ulikuwepo. Baadaye mchungaji aliniambia kwamba ningempigia angepanda pikipiki saa ileile. Mzee alifariki keshokutwa yake, alfajiri.

Mazishi yake hayakuwa na kengele, wala kwaya, wala msalaba. Majirani waliomba kwa zamu. Mimi nilisimama kando ya ua nikiwa nimevaa koti la kawaida, ili pasiwe na atakayedhani kwamba kanisa limekuja. Watu walipoanza kutawanyika Bibi Marta alinifuata.

"Mwinjilisti, wewe ndiye uliyesoma. Sasa mwenzangu yuko wapi?"

"Hilo analijua Mungu," nilisema. Maneno yenyewe ni ya kweli. Lakini niliyasema kama mtu anayefunga mlango, naye alisikia mlango ukifungwa. Hakurudi tena kanisani. Baada ya wiki chache binti yake alimchukua akaenda kuishi naye Gehandu.

Ilipofika Julai, ule msimu wa baridi kali, nilitoka nyumbani asubuhi kwenda kupiga kengele ya kwanza. Kulikuwa kumepambazuka, ila ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuiona mikono yangu. Nondo ilikuwa ndani ya mkoba. Njia ile ninaijua, lakini nilitembea, nikatembea, na kanisa sikulifikia. Kisha nikasikia rimu ikilia nyuma yangu. Mara tatu. Kimya. Mara moja.

Nilisimama. Jiwe nililoligusa kwa kiatu liliteleza, na sikulisikia likitua. Nilikuwa kwenye ukingo wa korongo! Niligeuka taratibu nikaifuata ile sauti, na chini ya mkaratusi nikamkuta mtu ameketi juu ya jiwe, amejifunga shuka. Matone yalianguka kila mahali, ila yeye alikuwa mkavu.

"Shikamoo babu," nilisema kabla akili haijanirudia.

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa."

"Ni ukungu, babu."

"Ukungu gani? Mbona mimi naona mpaka Mlima Hanang?"

Hapo ndipo nilipomtambua. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi sikukimbia. Rimu ilikuwa bado inavuma juu yetu. Katika yote ambayo ningeweza kumuuliza, nilimuuliza lile nililoogopa zaidi.

"Babu, walikupokea?"

Alicheka kicheko chake kilekile. "Nilianza kusimulia habari za yule kondoo, ili nisije nikasemwa kwamba nimeficha. Sikufika hata kwenye miguu. Nikaambiwa, kaa kwanza, chakula kinapoa."

Nikalia. Yeye akaitazama rimu, kama mtu mwenye shughuli.

"Haya, piga. Watu wanasubiri. Na lile la nne usilisahau, maana nami lilinifikia kitandani hata siku zile ulipokuwa hulipigi."

Niliinama kutoa nondo kwenye mkoba. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Jiwe zima lilikuwa limelowa, isipokuwa pale alipoketi. Nilipagusa kwa kiganja: palikuwa pakavu, na pana joto. Nikapiga mara tatu, kisha mara moja.

Watu walipofika, mzee wa kanisa alinitania: "Mwinjilisti, leo una haraka gani? Umetugongea mara mbili, mke wangu ameacha uji jikoni!"

Wiki hiyohiyo nilikwenda Gehandu. Bibi Marta alikuwa anapepeta maharage uani. Nilimwamkia, nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamweleza yote pamoja na lile la simu. Alisikiliza bila kuacha kupepeta. Nilidhani atafurahi.

"Alikuwa amevaa shuka gani?" aliuliza.

"La bluu, lenye mistari."

Ungo ukatulia. "Ndilo nililomzika nalo." Akasema, "Mimi namngoja kila usiku, na hajaja. Mke wake! Amekuja kwako." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lakini ni sawa. Siku zote alikuwa anamfuata ng'ombe aliyepotea, hawa wa zizini anawaacha."

Alinisamehe. Alininywesha na maziwa. Ila nilipomwomba arudi Masieda tuweke msalaba kaburini pamoja na washarika, alikataa kwa upole. "Wekeni ninyi. Mimi kile kilima nilikipanda mara moja nikiwa na haja, ikatosha."

Tuliweka msalaba bila yeye. Mimi nilisimama mbele ya washarika, mahali nilipotaka Mzee Lohay asimame, nikatubu. Mchungaji alinirudisha siku hiyohiyo, na hakunihesabia hata Jumapili moja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Ndugu unayesoma, huenda nawe umekabidhiwa daftari la kanisa, au ufunguo, au neno ambalo mtu anasubiri ulitamke. Akija anatweta mlangoni kwako, usihesabu. Toa simu upige. Mungu hakumwacha Mzee Lohay kwa sababu yangu. Alimpokea akanipita mimi niliyesimama mlangoni. Lakini jioni ile Bibi Marta alishuka kilima mikono mitupu, na huko kushuka kwake hakuna wa kunirudishia.

Kila Jumapili napiga mara tatu. La nne nalipiga nikiitazama njia ya kilima.