Siku Niliyoiombea Dua Nguzo ya Wapimaji

Kuna video inazunguka Kibiti, ya mtu mwenye tope hadi kifuani, mikono ameiinua, macho ameyafumba, anaiombea dua nguzo ya saruji na nyuma yake watu wazima wanaitikia amina, basi msihangaike kuuliza, mtu huyo ni mimi. Nilijaribu kukana, nikasema duniani wawili wawili, lakini sauti ni yangu na kila mzazi mwenye mtoto shuleni kwetu anaijua, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa kijiweni ambao kila siku wanaongeza lao (juzi nimesikia kwamba niliibusu ile nguzo, jambo ambalo si kweli, niliikumbatia tu, na hilo kwa sababu nilikuwa nateleza).

Mimi ni mwalimu wa historia na Kiswahili. Jiografia niliikimbia kidato cha pili na sikugeuka nyuma. Sasa mtu wa namna hiyo hapaswi kupewa ramani, lakini nilipewa, na jirani yangu mmoja mstaafu aliyekuwa anasafisha stoo yake akataka kuichoma pamoja na magazeti. Karatasi kubwa, ya zamani, mende wameila kwenye mikunjo, lakini ndani yake delta yote imo, mito ya buluu imejisokota, mikoko ya kijani, Salale ipo, Maparoni ipo, Kiongoroni ipo kule karibu na bahari, na katikati yake vijina vidogo vidogo vya mahali ambapo sijawahi kumsikia mtu akipataja. Nilikaa nayo siku tatu kitandani mpaka mke wangu, Zuhura, akaniuliza kama nahamia huko.

Siku ya nne nikaipeleka stesheneri ikapigwe lamineshi. Binti wa pale akasema mashine yake ndogo, karatasi haiingii, labda nikaitengeneze Dar au aipunguze pembeni. Nikaangalia pembeni, nikaona maandishi madogo, vialama, tarakimu, vimistari, nikamwambia kata tu dada, hayo mapambo. Akakata. Vipande nikamwachia hapo hapo, akafungia maandazi. Basi yote yaliyonipata yametoka kwenye ule mkasi.

Kwenye ramani iliyobaki, kando ya mto mmoja mpana, paliandikwa Kilimbu, na karibu na jina kulikuwa na pembetatu ndogo yenye nukta katikati. Mimi nikaiona ile pembetatu nikaona paa. Nikaitazama tena nikaona kuba. Mara ya tatu nikaona kaburi la sharifu, la mawe, limejengewa, na mji mzima wa kale umelala kwenye mikoko ukinisubiri mimi niufukue (nisingekuwa mwalimu wa historia ningeona pembetatu tu, lakini elimu nayo ina madhara yake).

Zuhura, ambaye kwao ni huko huko delta, akaniambia kwamba mama yake kazaliwa Kilimbu, na kwa kuwa wakati ule alikuwa shambani kwake anaamia ndege wasile mpunga, nimpigie simu nimuulize kuna nini. Ni simu moja tu. Salamu dakika tano, swali dakika moja. Nikamjibu mke wangu kwa ile sauti yangu ya darasani, nikamwambia, "Watu husahau, Zuhura. Ramani haisahau." Akanitazama, akaendelea kuchambua mchicha.

Kesho yake nikaandika kwenye grupu letu la wasapu kwamba nimegundua mji wa kale. Sikuandika huenda, sikuandika nadhani, niliandika nimegundua. Kufika adhuhuri diwani alishanipigia simu, diwani wetu ni mtu mwepesi sana wa kugundua kilichogunduliwa na wengine, akaanza kuzungumza habari za watalii, na gati, na kibao cha kuwakaribisha wageni (kibao kilikuwa na jina lake, akanisomea). Ustadh Mfaume wa msikiti wa mtaani kwetu naye akasema kama kuna kaburi la mwanachuoni huko, si vizuri likae bila dua. Hapo ningeweza kurudi nyuma. Badala yake nikaagiza fulana za njano, kumi na mbili, zimeandikwa MSAFARA WA KILIMBU.

Jumamosi tukashuka Nyamisati tukapanda boti ya faiba, mimi mbele na ramani yangu inang'aa, diwani, ustadh, na walimu na wazee wengine waliovaa fulana. Nahodha wetu aliitwa Seif, mtu mkimya, kichwani kofia ya sufu kwenye joto lile. Tulipofika kwenye mdomo wa ule mto wa Kilimbu akapunguza mashine, akasema njia hiyo imefukiwa siku nyingi, na maji ni ya bamvua, yanajaa sana na yanakupwa sana, yakishaanza kuondoka hayakupi nafasi, bora tuzunguke kwa mto mkubwa kisha tutembee kwenye matuta ya mpunga. Nikamwonyesha ramani. Mto upana wa kidole, buluu tupu. Akaiangalia kwa adabu.

"Mwalimu, hapo siku hizi wanapita kaa," akasema.

Diwani alikuwa na kikao saa tisa, akauliza njia ipi fupi, nikasema hii, basi akaamua tufuate ramani. Seif akavua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaingia.

Nusu saa ya kwanza nilikuwa mtu mkubwa sana. Nusu saa ya pili mikoko ilianza kutukwangua mabegani, maji yakawa rangi ya chai, kisha rangi ya uji, mashine ikakohoa, ikazima, na boti ikakaa kwenye tope taratibu kabisa kama mama anayeketi mkekani, ikalala upande mmoja na sisi sote tukalala nao. Watu wakawa wananitazama mimi. Na ndipo, juu ya kilima kidogo cha mchanga, hatua kama sitini, nikaiona nguzo. Nyeupe, fupi, imechongoka juu. Wallahi nilitokwa na machozi.

Nikaruka. Seif alisema kitu, nadhani alisema subiri nitandaze mbao, lakini nilisharuka. Tope la delta halikupokei kwa miguu, linakupokea kwa kiuno. Viatu vilibaki huko chini mpaka leo. Nikatambaa, nikaogelea, nikavutwa na mzizi mmoja na kurudishwa na mwingine, suruali ikapasuka kuanzia goti kwenda juu (mpaka wapi msiniulize), nikafika kwenye mchanga nikaikumbatia ile nguzo kama mtu aliyeokoka. Wenzangu wakapita kwa akili juu ya mbao za Seif, wakafika wakavu.

Nguzo ilikuwa na maandishi yaliyofutika. Nikayapapasa, nikasema hii ni hati ya kale. Diwani akauliza, kwa kutaka kujua tu, kwenye ramani ile pembetatu imeelezwa kuwa nini, maana ramani huwa na ufunguo pembeni. Nikamjibu kwamba ufunguo umekatwa. Akauliza na nani. Nikajifanya nimemezwa na hisia, nikamgeukia ustadh nikamwomba aanze. Ustadh akasita, akasema hatujui aliyelala hapa ni nani, ila dua kwa maiti wa Kiislamu haipotei, na kwa kuwa mimi ndiye niliyempata, niongoze mimi. Diwani akatoa simu akaanza kurekodi. Nikainua mikono.

Niliomba kwa muda mrefu. Nilimwombea sharifu, kizazi chake, safari yake ya kutoka Arabuni (ambayo nilimtungia hapo hapo), na katikati ya maombi nikawa nasikia amina zinaongezeka, tena za sauti nyembamba, nikadhani ni baraka. Nilipofumbua macho nikakuta wanawake saba wamesimama nyuma yetu, wametua vikapu, wamejifunika kanga, wanaitikia kwa unyenyekevu, na wa mbele kabisa ni mama mkwe wangu. Shamba lake liko nyuma ya kile kilima. Walituona kutoka kwenye madungu, vile vibanda vya juu wanavyokaa kuamia ndege, wakaona boti imelala na wanaume wameinua mikono, wakadhani kuna maiti, wakaja mbio kutusaidia kumsitiri.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba huku anatazama pembeni, kwa sababu suruali yangu haikuwa ya kutazamwa na mama mkwe. Kisha akauliza kwa sauti ya msibani, "Mkwe, nani kafa?"

Nikasema, "Sharifu, mama. Sharifu wa zamani. Amelala hapa."

Akaiangalia nguzo, akaniangalia mimi, akaiangalia nguzo tena.

"Hapo hajalala mtu," akasema. "Hiyo bikoni, mwanangu, nguzo ya wapimaji ardhi. Walipokuja kupima, baba yangu kawabebea saruji. Maji ya kukorogea nimeteka mimi."

Nyuma yake mwanamke mmoja akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika. Wa pili akageuka akashika mti. Wa tatu hakujifunika wala hakugeuka, alikaa chini kabisa akacheka mpaka akaomba maji. Ustadh akashusha mikono, akaifuta kwenye fulana ya njano. Diwani bado anarekodi, tena alisogea karibu.

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza, lakini mimi nilitaka kuokoa chochote kilichobaki, nikamuuliza mama mkwe kwa sauti ya kujiamini kwamba, sawa, kama si hapa, makaburi ya Kilimbu yako wapi basi. Akanyoosha mkono, polepole, akaonyesha nyuma yetu, kule chini kwenye tope.

"Pale mlipolaza boti," akasema. "Bibi yangu yuko pale."

Kicheko kikakatika. Akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba mto ule zamani ulipita mbali, upande wa pili wa minazi, watu wakahamishwa kupelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, na walipoondoka mto ukajihamisha nao, ukala viwanja, ukala msikiti wa makuti, ukala makaburi, mwaka hadi mwaka, na wao wakija kulima walikuwa wanaona ukingo unameguka na hakuna wa kumwambia. Ile njia pana ya buluu kwenye ramani yangu ilishakufa, na hiki kijito tulichong'ang'ania kupita ni njia nyingine kabisa, imepita juu ya watu. Seif, aliyebaki kwenye boti, alikuwa anasikia. Nilimwona anavua ndala zake, anashuka kwenye tope taratibu, anasimama.

Diwani alikuwa ameshazima simu, tangu mama mkwe aliponyoosha mkono. Ndiyo maana video inaishia pale kwenye kicheko, na Kibiti nzima inajua nusu tu, ile nusu ya kuchekesha.

Ustadh akaomba tena, safari hii tumelielekea tope, na hakuna aliyeniambia niongoze. Mama mkwe akawa anataja majina, nyumba kwa nyumba, nani alikaa karibu na nani, nani alikuwa na mnazi uliopinda, na mimi mwalimu wa historia nikatoa kalamu niandike nyuma ya ramani, kalamu ikateleza kwenye plastiki, haikuacha hata nukta. Nikamwomba diwani karatasi, hana. Majina yakapita, na nilipojaribu kuyarudia moyoni nilikuwa nimeshika matatu.

Maji yalirudi saa kumi. Saa zote hizo wanawake wale walitulisha wali na kamba, wakatupa maji ya kunawa, na mimi nikapewa kanga ya mama mkwe nijisitiri, mimi mkwe mtu, nimejifunga kanga ya mama wa mke wangu, nimekaa peke yangu nyuma ya dungu kama mwali. Tena kanga yenyewe imeandikwa MKINUNA NITAZIDI KUPENDEZA, diwani akaisoma kwa sauti, na hivyo ndivyo nilivyoshuka Nyamisati, pekupeku, mbele ya gulio la samaki, fulana ya njano juu na maneno hayo makalioni.

Wakati wa kuondoka mama mkwe alinisindikiza mpaka ukingoni, akiwa mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Nikamwomba radhi kwa yote. Akasema radhi nimeshapata, lakini kama nataka habari za Kilimbu nirudi wakati wa mavuno, nisije na watu, na nisichelewe sana.

"Wenzangu wa Kilimbu walikuwa wengi," akasema. "Sasa tumebaki wawili, na mwenzangu ameanza kusahau."

Nilirudi. Nilidhani nitaketi kivulini na daftari aniambie, akanipa kisu kidogo cha kukatia masuke akanionyesha mstari wangu, na kila nilipouliza swali nikiwa nimesimama hakusikia, nikiinama anasikia. Siku nne. Jioni ananitaka nirudie yote aliyosema mchana, nikikosea ukoo mmoja ananirudisha mwanzo, mbele ya wanawake wale wale saba, ambao walikuwa hawajamaliza kucheka. Basi nimeapa, na nimemwapia mke wangu pia, sitasema tena habari za mahali mbele ya mtu aliyezaliwa hapo kabla yeye hajamaliza kusema. Nimepata nyumba kumi na moja na mgongo usionyooka. Mama mkwe anasema zimebaki ishirini na mbili, na kwamba mpunga wa mwakani utakuwa mwingi.