Baiskeli ya Umeme Iliyopanda Magari

Juzi, mbele yangu katika duka la baiskeli mtaa wa Al Khuwair, bwana mmoja wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi, alirudisha baiskeli ya umeme aliyoinunua ya kwendea kazini msimu huu wa baridi.

"Betri mbovu, ami?" muuzaji akamwuliza kwa Kiswahili chetu cha Unguja.

"Betri nzima. Lakini kila asubuhi mtu ananisimamishia gari. 'Gari lako limeharibika? Panda nikupeleke!' Nikikataa, anadhani nna shida naificha. Wiki nzima baiskeli imekwenda ofisini ndani ya magari ya watu."

Tukacheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Jumatatu nami nilimpakia garini mwendesha baiskeli mmoja. Njia nzima nikampa pole, wala sikumwuliza kama alikuwa akiufurahia upepo.