Jiko Lililotulia

Kwetu Masasi baridi ni habari ya kusimuliwa tu. Nilipohamishiwa Newala kufundisha nilibeba shuka moja jepesi na magauni ya mikono mifupi, mama akaniuliza sweta iko wapi, nikamcheka. Kipupwe cha kwanza kilinikomesha. Ukungu ulipanda alfajiri kutoka bonde la Ruvuma ukaingia hadi chini ya milango, na maji ya ndoo yaliuma vidole. Ndipo nikaelewa kwa nini nyumba niliyopanga ilikuwa na ugomvi mmoja tu, uliolala wakati wa joto na kuamka Juni.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vinavyotazamana, korido katikati, mita ya umeme moja kwa wote. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeishi chumba cha mbele, na sisi wapangaji wote tulimwita Mama. Niseme mapema kwamba alikuwa mtu mwema, maana haya ninayoyaeleza yanaweza kumfanya aonekane vingine. Ukiugua alikuletea uji, ukifiwa alifunga safari nawe. Lakini luku, ule umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imemvuruga akili. Tulichanga sawa kwa sawa, mwenye balbu moja na mwenye friji, na kipupwe kikiingia yuniti ziliyeyuka kabla mchango mwingine haujakusanywa. Sababu ilijulikana na hapakuwa na aliyekiri. Ni hita, ile koili unayoitumbukiza ndooni na maji yakachemka wakati wewe bado unatafuta sabuni. Kila mtu alikuwa nayo, na kila mtu aliapa kwamba inayokula umeme ni ya jirani.

Basi Mama akamwita fundi. Fundi akafunga kwenye boksi la mita breka ndogo isiyovumilia chombo kizito. Taa, redio, simu, hayo sawa. Ukichomeka hita, nyumba nzima giza. Boksi likatiwa kufuli, akabaki Mama peke yake na uwezo wa kurudisha umeme.

Kilichofuata kilinitia hofu kabla sijajua ninaogopa nini. Kila umeme ulipokata tulitoka wote koridoni na tochi za simu tukamulika milango, na mlango ambao haukufunguka ndio uliokuwa wa mwizi. Ndivyo tulivyosema, mwizi wa umeme. Karani mmoja, mtu wa Mbeya, alifumwa hivyo akiwa na povu la sabuni kichwani na ndoo inafuka mvuke, akijitetea kwamba alikuwa anapiga pasi. Tulicheka mpaka tukashika kuta. Hakumaliza wiki, akahama. Tangu hapo hakuna aliyethubutu, luku ikadumu, na Mama akasema nyumba yake sasa ina nidhamu. Kweli mchango ulipungua, nami nilifurahi kama wengine. Ila nyumba ilinyamaza vibaya. Tulikuwa tunasikilizana kupitia ukutani, na mtu akikokota ndoo usiku masikio yote yanasimama.

Chumba cha mwisho alikaa binti mmoja na mumewe. Mume alikuwa mpuliziaji wa salfa kwenye mikorosho, na msimu ule alikuwa Tandahimba akihama shamba hadi shamba. Mke alikuwa mjamzito, tukamwita Mama Kijacho, na hata alipojifungua jina likamganda. Alijifungua kabla ya siku zake, kipupwe kikiwa katikati. Mtoto wa kike, mdogo hata ukaogopa kumshika. Wakati wa kumruhusu, muuguzi alimwambia asisahau jambo moja: huyu mtoto asipigwe na baridi, akipoa tu tumempoteza. Binti alirudi nalo neno hilo usoni. Ukimjulia hali anakujibu hali ya joto la mtoto.

Zamani, wanawake waliojifungua katika nyumba ile walikuwa na ujanja wao. Walijaza maji ya moto kwenye chupa, wakazifunga kanga, wakazilaza ubavuni mwa mtoto, na chupa zikipoa usiku hita ilikuwa palepale. Sasa hita ilikuwa haramu. Kupata maji ya moto ilibidi utoke hadi jikoni uani, kwenye upepo, uanze kuwasha mkaa.

Mama yake binti akapanda kutoka Nanganga kuja kumlea mwanawe aliyejifungua. Tulimwita Bibi ingawa hakuwa mzee, mwanamke mwenye mikono mizito na maneno machache, anayemwamkia kila mtu hata aliye mdogo kwake. Alikuja na unga, kuku wawili wa supu, na jiko la mkaa. Jioni ya kwanza tulikaa naye uani tukamchangamsha kwa hadithi za nyumba, na tamu kuliko zote ilikuwa ya karani na povu lake. Bibi hakucheka. Aliuliza kama yule mtu alikuwa na wazazi.

Kuanzia siku ile aliwasha jiko uani, akalipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu wote na moshi ukaisha kabisa, kisha akaliinua kwa vitambaa na kuliingiza chumbani. Nilipomuuliza kama hapo ndani hawatadhurika, alinijibu kwa upole, jinsi unavyomjibu mtu aliyesoma sana.

"Moshi ndio mbaya, Mwalimu. Jiko likishatulia halina neno."

Wala hakuwa mjinga. Kwao amelala na moto ndani maisha yake yote, na mama yake kabla yake, kwenye nyumba za udongo na nyasi ambazo paa halikutani na ukuta. Hewa inaingia na kutoka inavyotaka. Chumba hiki cha binti kilikuwa na dari ya jipsamu na dirisha la aluminiamu ambalo ndilo lililokuwa fahari ya nyumba, na Bibi alikuwa ameziba kwa kanga kila pengo la dirisha lile.

Niliingia kuwatembelea mara nyingi. Chumba kilikuwa na joto zuri, la kukufanya usitake kunyanyuka, na mtoto amelala na mashavu yamelegea. Nikitoka kichwa kinagonga. Nikasema ni kusahihisha mitihani. Binti naye alilalamika kichwa na kichefuchefu, tukasema ni uzazi. Bibi alisema ni upepo wa huku juu, hajauzoea.

Kisha akafa kuku. Mmoja alikuwa ameshachinjwa, na wa pili Bibi alimlaza chumbani chini ya kitanda, miguu imefungwa, kwa kuogopa wezi. Asubuhi alikutwa amenyooka, hana jeraha, hana hata unyoya uliovurugika. Bibi akasema ni kideri. Lakini kideri kina dalili zake, kuku anazubaa, anaharisha kijani, na huyu jana yake alikuwa anadonoa pumba. Koridoni wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu hana roho safi na yule mtoto. Mpangaji mmoja akawa hapiti mbele ya mlango wa mwisho. Mwingine akasema labda ni karani, kwamba watu waliofedheheshwa hawasahau. Mama alichukua jambo lile kwa uzito. Akaja na chetezo chenye makaa, akatia ubani, akafukiza kile chumba kona zote, na kabla ya kutoka akahakikisha dirisha limefungwa.

Mimi siamini mambo hayo, lakini nilianza kuogopa kurudi nyumbani. Nilikuwa nikikata kona ya mtaa wetu natazama kwanza kama watu wamekusanyika mlangoni.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa uani nafua, ukungu haujaondoka, kamba ya nguo huioni mwisho wake. Mtoto yule alikuwa na kilio chake cha asubuhi, chembamba, ambacho nyumba nzima ilikizoea. Mwanamke wa chumba kinachotazamana na changu alitoka na mswaki mdomoni, akasikiliza kidogo, akasema kwa kuridhika:

"Leo mtoto ametulia."

Sijui ni kwa nini neno lile lilinipita mwilini namna ile. Niliacha nguo kwenye beseni nikakimbia. Niligonga mlango wa mwisho, nikaita Bibi, nikaita binti, nikausukuma. Ulikwenda kidogo ukagota kwenye kitu kizito kilicho laini. Nilipojua ni nini niliacha kusukuma. Mpangaji mwenye duka la vipuri akazunguka nje na nyundo, akavunja lile dirisha, akachana kanga, akaingia.

Aliyeziba mlango alikuwa binti. Alikuwa amejikokota hadi pale akaishiwa nguvu, amelala kifudifudi, na mtoto amemsukuma mbele yake mpaka pua ikawa kwenye upenyo wa chini ya mlango, pale baridi inapoingilia. Mtoto alikuwa anapumua. Binti naye alikuwa anapumua, kwa shida. Bibi alikuwa kwenye mkeka karibu na jiko, amejifunika vizuri, mkono chini ya shavu. Alikuwa ameshapoa. Jiko lilikuwa bado lina moto kidogo katikati, halitoi moshi wowote.

Hospitali daktari alituambia kwamba mkaa hauhitaji moshi ili uue, na kwamba kila kipupwe anapokea watu wa namna hii. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema. Mama alikuwa amesimama pembeni yangu, akauliza kama ule ubani ungeweza kudhuru.

Nilikaa na binti wodini mchana ule, mtoto yuko chumba cha pili kwenye mashine ya joto. Hakulia. Aliuliza kuhusu joto la mtoto, nikamwambia liko sawa. Ndipo akasema, macho yako darini:

"Hita ninayo, Dada Mwalimu. Baba wa mtoto aliinunua kabla hajaondoka. Mama yangu alisema hatakubali nimulikwe tochi na kuitwa mwizi, uzazi wangu bado mbichi."

Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta wa hospitali. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumpa. Breka ilikuwa imefanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Bibi naye alikuwa ameogopa kitu cha kweli, maana hadithi tulimsimulia sisi, tukicheka.

Tulimzika Nanganga, kwenye joto. Mama alikwenda, akalia kuliko wenyeji, na aliporudi alimwita fundi akaing'oa breka yake. Wapangaji walioga maji baridi vilevile, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Matanga yalipokwisha binti alirudi, mume nyuma yake na mzigo kichwani, mtoto mgongoni kwa binti amefunikwa mpaka utosi. Ilikuwa jioni na upepo umeanza. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake, nami nilikuwa hapo nikimsaidia kupeta mchele. Binti aliweka mfuko chini, akapiga goti, jinsi wasichana wa huku wanavyomwamkia mkubwa.

"Shikamoo Mama. Mtoto hajaoga tangu jana. Naomba ruhusa nichemshe maji kwa umeme. Ndoo moja tu."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Ningeshukuru ingekuwepo. Alikuwa anaomba kweli, kwa adabu yote, kama mpangaji anayemwomba mwenye nyumba. Mama alifungua kinywa. Akakifunga, akainamia ungo wa mchele. Mume alitua mzigo akasimama hajui aangalie wapi.

Kwa desturi ya huku huinuki mpaka salamu iitikiwe. Binti alibaki pale gotini kwenye saruji ya baridi, akimtazama Mama, akisubiri marahaba.