Nilimtaja mwanangu kwenye maombi ya jumuiya, akahama nyumbani

Wakuu, habari za humu ndani. Wadogo shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Mimi ni bibi wa huku Same, juu milimani upande wa Gonja. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Ila majina ya watu nimebadilisha yote. Mkifika chini mtaelewa kwa nini.

Nina watoto wanne. Watatu walipoondoka sikulia. Mmoja aliolewa, wawili walipata kazi mbali, nikawafungia maharage ya njiani, basi.

Huku kwetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Wengine wakienda, yeye anabaki, na siku ikifika yeye ndiye anayekuzika. Wa kwangu nimwite Elisamehe. Mkewe nimwite Niendiwe.

Huyo Niendiwe ndiye aliyenifundisha simu. Tunakaa jikoni makande yanachemka, ananiambia, "Mama, bonyeza taratibu, hupukuchui mahindi hapo." Tunacheka mpaka moto unazimika.

Miaka sita hawakupata mtoto. Wanawake wakaanza. Bombani, njiani, hata kwenye benchi la kanisa: Niendiwe hivi, Niendiwe vile. Mtoto wa watu akawa anateka maji saa ambayo hakuna mtu.

Siku moja Elisamehe akarudi kutoka hospitali peke yake. Akakaa kwenye kigoda jikoni, akasema, "Mama, tatizo ni langu mimi. Hili ni la kwako, la kwangu na la Niendiwe. Liishie hapo."

Nikasema, "Nimesikia mwanangu."

Nilisikia kweli. Sikushika.

Sasa niwaeleze ambao si wa huku. Sisi Walutheri tuna jumuiya, nyumba chache za majirani. Tunasali alfajiri kabla ya kwenda shamba, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Kila mtu anatoa hoja yake ya maombi. Mimi hoja zote naziweka kichwani na jina la kila aliyeombewa, tangu enzi za mwinjilisti wa kwanza ninayemkumbuka. Mtu akisahau alimwombea nani mwaka juzi, ananiuliza mimi. Nilikuwa najivunia hilo, sitawaficha.

Asubuhi moja tulikuwa kwa Mama Nantaeli, mwenyekiti wetu wa jumuiya. Akasema, "Leo tumbebe Niendiwe, Bwana amfungue tumbo."

Wakuu, nilipandwa na hasira. Nikasimama, nikasema, "Mwacheni mtoto wa watu! Mwombeeni Elisamehe, hospitali wamesema ni yeye."

Mama Nantaeli akasema, "Haya, tumwombee Elisamehe," na wote wakapaza sauti wakimtaja, Elisamehe, Elisamehe, mpaka nje.

Tulikuwa watu kumi na mmoja na nawakumbuka mmoja mmoja, na nani alikaa wapi. Nilidhani nimemwokoa mkwe wangu.

Haikupita siku mbili. Huku tunamwagilia kwa ndiva, lile bwawa la kukusanya maji ya mlimani, na maji yanafunguliwa kwa zamu. Elisamehe alikwenda zamu yake. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, nimwite Mbazi, mtu wa maneno. Akamwambia mbele ya watu, "Elisamehe, zamu ya maji ikikushinda sema tukusaidie. Na ile ya nyumbani pia, sisi ni majirani."

Wakacheka. Niliambiwa hata wazee walicheka.

Alirudi na jembe begani, hakulitua.

"Mama, ulinitaja?"

"Nilikuwa nakuombea."

"Kwa jina langu? Na la hospitali ukalisema?"

"Walikuwa wanamsema mkeo, mwanangu."

Akasema, "Mungu si kiziwi, mama. Ungemwambia hapa jikoni."

Siku ya tatu pikapu ilikuja. Wakapakia godoro, masufuria, kuku wao watano. Niendiwe aliniaga kwa shikamoo, macho chini. Elisamehe hakuniaga.

Wamehamia Maore. Mnaopajua mnacheka sasa hivi, maana Maore si mbali. Ni hapo chini tambarare, wanalima mpunga. Asubuhi kukiwa hakuna ukungu, nikisimama kwenye tangawizi yangu naziona bati za Maore zinawaka jua. Angekwenda Mwanza ningesema ni mbali. Huyu ni wa kupanda na bodaboda na kushuka siku hiyo hiyo, na hapandi. Simu amenibloki.

Jumuiya wakaja kunifariji. Mama Nantaeli akaniletea mkungu wa ndizi, akasema Mungu ana makusudi yake. Zile ndizi nilikula, lakini moyoni nilisema, makusudi gani, nyie ndio mliozitoa habari nje ya mlango. Na mimi ndiye niliyewapa.

Mchungaji naye alisema nisamehe. Nikamuuliza, "Nimsamehe nani, baba? Mimi ndiye niliyesema." Akafunga Biblia yake, akaaga. Ni kijana mzuri yule.

Mpunga ulipovunwa nilishuka. Nilibeba kikapu, tangawizi na maharage ya kwetu. Niendiwe akaniwekea kiti nje, kivulini. Ndani sikukaribishwa. Elisamehe akaja kutoka shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Umekula?"

"Nimekula."

Sikuwa nimekula. Naye alijua, maana nani anakula kabla ya kushuka ule mlima? Hakuuliza mara ya pili.

Nikapewa kikapu changu. Wakuu, kwetu kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, unatia limao moja. Changu kilirudi kitupu, na kimepanguswa vumbi.

Nilipanda nalia. Dereva wa boda akaniuliza, "Bibi, nani amefariki?"

Tangu hapo jumuiyani nakwenda, ila zamu yangu ya hoja ikifika nasema, "Sina." Wanashangaa. Nasali jikoni, nakoroga makande, bila sauti. Mwanzo nilikuwa nagombana na Mungu tu. Siku hizi nagombana kidogo, halafu napumzika. Faraja ninayopata ndiyo hiyo. Haiondoi uchungu, wala nisiwadanganye. Ila naweza kulala.

Sasa Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tuko kwenye mnada wa mazao ya sadaka pale nje ya kanisa. Mama mmoja kutoka Maore, amekuja kusalimia ndugu zake, kanunua miwa, kanigeukia: "Bibi, hongera, mmepata mtoto!"

Nikasema, "Asante," kama najua.

Mbazi alikuwa nyuma yangu. "Hee, bibi wa majina yote! Huyo mjukuu anaitwaje?"

Watu wamegeuka wote. Mimi, wakuu, ninayejua jina la kila mtoto aliyebatizwa kanisa lile. Nikasema, "Kamuulize baba yake." Nikachukua kanga yangu nikaondoka.

Juzi kwenye jumuiya Mama Nantaeli akasimama anang'aa. "Maombi yetu yamejibiwa! Bibi, simama utushuhudie." Ulimi uliniwasha. Nilitamani kupiga kigelegele cha kupasua bati.

Nikasema, "Sina hoja."

Nikarudi jikoni kwangu, nikafunga mlango, nikasema, yule mtoto wa Maore, Bwana, mimi sijaambiwa jina lake, wewe unalo. Mlinde. Na baba yake. Nikakaa pale kwenye kigoda alichokalia yeye siku ile, mpaka moto ukazimika.

Nilichojifunza ni hiki. Siri ya mtoto wako usiipeleke hata kwenye maombi. Kabla hujaomba kwa sauti, angalia nani mwingine anasikiliza.

Mliowahi kukosana na mtoto mkubwa hivi, mlirudianaje? Nishuke tena na kikapu, au nisubiri nipandiwe? Niambieni, nasoma moja moja, polepole. Na atakayeniombea, aombe bila kuuliza mimi ni bibi wa nani.