Mama Alivyotafsiri Nyimbo za Kihindi

Nikipiga pasi kanzu za bosi hapa Jeddah, harufu ya nguo mbichi ikipata moto hunirudisha kwa mama. Kila Ijumaa alipiga pasi ya mkaa dirishani, televisheni ya jirani ikiimba Kihindi, nami namsumbua anitafsirie.

“Anasema macho yako ni dirisha lililosahauliwa wazi,” aliniambia siku moja. “Mvua yote imeingia ndani.”

“Nani alisahau kulifunga, mama?”

“Aliyeondoka.” Akanyunyizia maji shati la baba, ambalo mwaka mzima halikuwa na wa kulivaa, akalinyoosha hadi kola.

Juzi mpishi wetu, Mhindi, aliupiga wimbo uleule kwenye simu jikoni, nami napiga pasi pembeni. Nikamuuliza maana yake. Akacheka: eti msichana anaitwa aje wacheze dansi, halas, basi. Kumbe mama yangu hakujua Kihindi hata chembe!

Nikiwa bado nacheka, binti yangu akapiga simu kutoka Mombasa, akausikia wimbo.

“Mama, huyo anasemaje?”

Nikamwambia: macho, dirisha, mvua.

Akauliza, “Sasa nani alisahau kulifunga?”

Nikaizima pasi kwanza, kanzu isije ikaungua.