Tsh, si Ch

Katika duka la kompyuta la mtaa wa Kikula, nilimwona mwanamke akikamilisha blogu ya kumbukumbu za marehemu baba yake, mvunja mawe wa Kakontwe. Juu ya kila ukurasa jina la baba lilianza kwa Ch badala ya Tsh, kama kwao Kasai linavyoandikwa, na jioni ile ndugu wa Kasai wangeisoma.

"Yaya, utaandika yote tena mpaka Noeli!" mdogo wake aliyeketi kando akamcheka dada yake.

"Nyamaza weye. Jina iko fasi moja tu."

Akalisahihisha katika faili moja, mahali pekee lilipoandikwa, akaandika amri fupi. Programu ikazitengeneza upya kurasa zote, na kila moja ikawa na Tsh.

Akaligusa jina kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole. "Njo papa, sasa," yaani sasa ndiye baba.

Mimi, ambaye ofisi zimekosea jina langu tangu ubatizo, nilivua kofia.